Dawa ya sonona imeniacha na ganzi: je, laana ya malaika inanihusu?

SWALI: Assalamu alaykum Shekhe. Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilishikwa na sonona, daktari akanianzishia sertraline. Nilipona, alhamdulillah, na dawa nikaachishwa kidogo kidogo. Lakini tangu wiki za mwanzo za dawa ile tupu yangu iliingia ganzi na hamu ya tendo la ndoa ikanikatika. Nilidhani nikiacha itarudi. Huu mwaka wa pili haijarudi. Mume wangu anaona namkwepa. Juzi alinisomea hadithi ya malaika kumlaani mwanamke anayekataa kitanda, akaongeza kuwa dawa nilijitakia mwenyewe. Usiku mwingine nakubali na kujifanya nimefurahi. Je, nina dhambi? Kujifanya huko ni uongo? Na nisipohisi chochote, josho la janaba linanipasa?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, dada yangu.

Nianze na josho kwa kuwa ndilo jepesi. Linakupasa. Mtume (s.a.w.) amesema mume akimwingilia mkewe josho limewajibika, na katika riwaya ya Imam Muslim imeongezwa: hata kama hakutokwa na manii. Hukumu imefungwa na kuingiliana, haikufungwa na ladha. Mkiishia kwenye kukumbatiana na kushikana tu, na manii hayakutoka, huna josho.

Sasa hiyo hadithi. Ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim, na mimi siwezi kuifuta ili kukupoza. Ila ina watu wake. Imam Nawawi, mwanazuoni aliyeifafanua Sahihi Muslim, alipoisherehesha alisema ni dalili ya uharamu wa mke kukataa kitanda cha mumewe bila ya udhuru wa kisheria. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoangushwa njiani kila inaposomwa kwa hasira. Mwanamke anayemnyima mumewe kwa kiburi au kwa kumkomoa ni mmoja. Mwanamke ambaye mwili wake umezimika kwa maradhi ni mwingine. Mwenyezi Mungu amesema haikalifishi nafsi yoyote ila kwa kadiri ya uwezo wake (2:286). Hamu haimo katika uwezo wako. Huwezi kuamrishwa kuihisi, wala huandikiwi dhambi kwa kuikosa.

Kilichobaki mikononi mwako ni kitendo chenyewe. Tendo lisipokuumiza, na moyo wako haurudi gizani kwa sababu yake, basi kumridhia mumeo bila hamu kuna thawabu, na nakuhimiza usifunge mlango moja kwa moja. Likikuumiza, au likikuacha unalia hadi alfajiri, huo ni udhuru. Mwambie kwa ulimi, usimgeuzie mgongo kimya kimya. Kimya ndicho kinachomfanya akuone unamkwepa.

Kuhusu kujifanya: Sahaba Ummu Kulthum bint Uqba (r.a.) amepokea kwamba hakusikia kwa Mtume ruhusa ya kusema yasiyo kweli isipokuwa katika mambo matatu, na moja ni mazungumzo ya mume na mke. Wanazuoni wamelielewa kuwa ni maneno ya kutiana moyo na kuzidisha mapenzi. Kumwambia mumeo neno tamu usiku wenu kumo humo. Lakini kumficha maradhi mwaka mzima mpaka akaamini kuwa humtaki, hapo sioni ruhusa hiyo inafika, kwa sababu imezaa kinyume cha ilichokusudiwa. Mwambie wazi: nina ganzi, si kwamba nimekuchoka. Usione haya. Ummu Sulaym (r.a.) alimuuliza Mtume kuhusu josho la mwanamke anayeota, akatanguliza kwamba Mwenyezi Mungu haoni haya katika haki.

Na wewe mume, maana najua utaonyeshwa jibu hili. Kusema alijitakia si haki. Mtume ametuamrisha kujitibu, na mkeo alimeza alichoandikiwa na daktari. Matatizo ya tendo la ndoa wakati mtu yumo kwenye dawa za sonona za kundi liitwalo SSRI, kama sertraline, fluoxetine na paroxetine, yanajulikana siku nyingi na hutokea kwa wengi, na kwa walio wengi huondoka dawa ikiachwa. Kwa baadhi hayaondoki, hubaki miezi au miaka. Ganzi ya tupu ni katika alama zake kubwa, pamoja na kufika kileleni kwa shida au bila ladha yoyote. Mwaka 2019 tu ndipo Wakala wa Dawa wa Ulaya ulipotaka karatasi za dawa hizi zionye kwamba hali hiyo inaweza kuendelea hata baada ya kuacha. Utamlaumuje mtu kwa jambo ambalo hata karatasi ya dawa ilichelewa kulisema? Aya ya 4:19 inakuamrisha ukae naye kwa wema, na wema huo haukuwekewa sharti la afya. Malizia kwa kuacha kumsomea hadithi za laana kitandani. Sijapata kusikia mtu aliyerudishiwa hamu kwa kutishwa.

Dada, nenda hospitali ukiwa na maelezo kamili: dawa gani, ulianza lini, uliacha lini, ganzi ilianza lini. Hakuna kipimo kimoja kinachothibitisha hali hii. Daktari huipambanua kwa historia yako na kwa kuondoa sababu nyingine, kama homoni, kisukari, tezi ya shingo, dawa nyingine, au sonona yenyewe kurudi, kwani nayo hukata hamu. Tiba yenye uhakika haijapatikana bado. Kwa hiyo anayekuahidi kukurejesha kwa siku kadhaa kwa mizizi, au anayekwambia ni jini na kisomo chake kina bei, mwepuke. Jisomee Qur'ani mwenyewe, haina malipo.

Wanaosoma hapa na bado wanameza dawa hizi, msizitupe leo kwa kuogopa. Kuziacha ghafla kuna madhara yake, na sonona isiyotibiwa imeua watu. Zungumzeni na daktari. Kipimo hupunguzwa, dawa hubadilishwa.

Umeniuliza dhambi, hukuniuliza talaka, lakini naona inanukia kwenye barua yako. Mafakihi (wanasheria wa dini) wa madhehebu ya Shafi wametaja kasoro za mwanamke zinazompa mume haki ya kuivunja ndoa, kama njia iliyozibwa na nyama au mfupa. Ganzi na kukosa hamu hazimo. Hali hii ingempata mume akashindwa kabisa kumwingilia mkewe tangu ndoa ifungwe, kuna hukumu iliyopokewa kutoka kwa Umar (r.a.): hupewa mwaka mzima wa kungoja kabla ya mke kupewa hiari ya kutengana. Aliyeshindwa kabisa kapewa mwaka. Wewe hukushindwa, hivyo usikubali kuharakishwa kwenye maneno ya kuachana. Ikifika mahali nyote wawili mnaona hamuwezi, njooni pamoja na mwamuzi mmoja kutoka kila upande, kama ilivyo katika 4:35, na undani wa kitanda chenu usifike kwa wengine.

Wallahu a'lam.