Silva na bakteria wa ngozi
Umeuliza mbona silva (madini ya fedha) inaua hata bakteria wa ngozi waliokuwa sugu kwa antibayotiki. Iko hivi, silva hiyo huwa katika chembe za nano, na hizi ni ndogo mno, nanomita 1 hadi 100 tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kwa hiyo sehemu ya kugusana na bakteria inakuwa kubwa na zinaachia ayoni za silva (atomi zenye chaji ya umeme) kidogo kidogo, hizo ayoni zinaharibu utando wa bakteria, zinang'ang'ania protini na kuvuruga DNA, yaani anapigwa kila upande kwa mpigo ndo maana kujenga usugu kunamwia vigumu zaidi, ila inatokea, usidanganywe. Bandeji za silva kwenye majeraha ya moto zinatumika kweli. Lakini kunywa maji ya silva (maji yenye chembe za silva) achana nako kabisa jamani, ngozi inaweza kugeuka kijivu-bluu na isirudi tena.