Kokoto za Kifusi: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Zege la jengo la zamani likisagwa, kokoto zake zafaa kwa nguzo na slabu?

Zafaa, zikiwa za zege tupu na zimepimwa maabara. Kiwango cha Ulaya, EN 206, kinapendekeza zisizidi asilimia 30 ya kokoto zote kwenye zege la nondo. Anayekuuzia mchanganyiko wa kifusi kitupu bila majibu ya vipimo, mkimbie.

Swali: Zege lilikuwa gumu kumwaga, fundi akaongeza maji. Kuna ubaya?

Upo, na nimeshalijibu hili mara nyingi. Kokoto za kifusi zimegandiwa na saruji ya zamani yenye vitundu, hivyo hunyonya maji kuliko kokoto za mlimani. Zilowekeni tangu jana yake, zichuje, ndipo mchanganye. Maji ya kuongeza juu kwa juu yanaua nguvu ya zege.

Swali: Kokoto nilizoletewa zina vipande vya jipsamu na mbao. Nizioshe?

Zirudishe. Jipsamu ina salfeti, na salfeti ikikutana na saruji penye unyevu huzaa fuwele zinazovimba ndani ya zege lililokwisha kukauka. Nyufa huja baadaye, mkandarasi keshalipwa na kuondoka. Hakuna karai la maji litakalotibu hilo, kwa sababu kosa lilitendeka siku ya kubomoa. Dari, milango, vioo, nyaya na vigae vitangulie kutoka, kisha matofali, zege libaki la mwisho na lisagwe peke yake. Liandikeni hilo kwenye mkataba wa kubomoa, maana anayelipwa kwa haraka ataleta buldoza na kuchanganya kila kitu. Halmashauri inayotoa kibali cha kubomoa bila kuuliza kifusi kinakwenda wapi nayo ina lawama. Na mabati ya asbesto yasiguswe na mashine ya kusaga kabisa. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Waitwe wenye ujuzi wa kuyaondoa.

Swali: Vumbi la kusagia nalitumia badala ya mchanga?

Kujazia chini ya sakafu, sawa. Kwenye mihimili, hapana.

Swali: Nikitumia kifusi, jengo langu halitachafua hewa?

Litachafua. Sehemu kubwa ya hewa ukaa ya zege inatoka kwenye saruji, ambayo peke yake huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa ya dunia. Kokoto za kifusi zinaokoa milima na kupunguza madampo, jambo kubwa mjini. Lakini ukizidisha mifuko ya saruji kufidia kokoto dhaifu, au ukizisafirisha kutoka mbali, faida yote imeliwa.

Swali: Nondo zilizotoka kwenye kifusi nizinyooshe?

Usizifungie kwenye jengo. Ziuze chuma chakavu zikayeyushwe.