Mkuu wa Moshi, Jumamosi usimpeleke huyo mbwa kwenye shabaha!

Salamu tutapeana baadaye. Umeandika una mbwa wa miezi 4, pointa (mbwa wa kuwinda anayeganda akinusa ndege) mwenye karatasi za FCI, lile shirikisho la kimataifa la mbwa, unataka siku moja akashindane Ulaya apate ubingwa wa kimataifa wa kazi, yaani wa kusaka ndege. Umeuliza hatua, gharama, chakula, na kama ni sawa Jumamosi hii kumpeleka uwanja wa shabaha "azoee milio". Hilo la mwisho limenifanya niache ugali mezani. USIMPELEKE.

Mimi niko Usa River. Nilimwagiza Breton jike, naye mbwa wa kuwinda ndege, kutoka Ufaransa, nikamwita Kipusa, hela ikatoka kwenye kiwanja changu cha Ngaramtoni. (Majirani walicheka: kauza kiwanja, kanunua mbwa asiye na mkia. Breton wengine huzaliwa hivyo, jamani.) Akiwa na miezi 5 alikuwa akipata harufu ya kwale kwenye mabua ya mahindi kule Kisongo anaganda, mguu wa mbele juu, kinachocheza ni pua tu. Nikajiona bingwa tayari.

Ndipo akatokea jamaa anayejiita mtaalamu wa mbwa. Kofia ya porini, filimbi tatu shingoni, mbwa hana hata mmoja, na mimi nisishtuke. Eti "mbwa wa bunduki hulelewa kwenye bunduki, mfunge karibu na wanaolenga, nusu saa tu, imeisha hiyo." Nikamfunga kwenye mti, hatua kama 20 kutoka kwa watu wenye shotigani. Mlio wa kwanza alilala chini, masikio yamenata kichwani. Wa pili akajikojolea. Mtaalamu anasema, "Unaona, anazoea." Wa tatu akaanza kutafuna kamba, akatafuna mpaka fizi zikatoka damu. Na mimi nimesimama pale na chupa ya maji, namwamini mtu kwa sababu ya kofia.

Toka siku ile bodaboda ikipasua ekzosi, Kipusa yuko chini ya kitanda. Mfuniko wa sufuria ukianguka, chini ya kitanda. Radi za masika usiniulize. Kibaya zaidi, akipata harufu ya kwale akawa anageuka kunitazama, kama anauliza ule mlio unakuja lini.

Nikamrudia mtaalamu. Akasema atazoea huko huko Ulaya, bastola zao ndogo. Nikaamini TENA! Na safari yenyewe si ya bei ya Coaster: chanjo ya kichaa cha mbwa, damu ipimwe kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, kisha miezi 3 ya kusubiri tangu siku ya kutoa damu. (Chipu ya utambulisho iwekwe KABLA ya chanjo, ukigeuza hiyo chanjo haihesabiki.) Halafu tiketi, halafu mkufunzi wa kule anayelipwa kwa mwezi.

Wiki ya kwanza tu mkufunzi akanitumia video. Kipusa anakata upepo kwenye ngano changa, kulia, kushoto, anaganda. Kwale wawili wanaruka, hakutikisika. Hapo machozi ya furaha yananilenga. Bastola: pa! Akapita katikati ya miguu ya mkufunzi, akajichimbia chini ya gari. Ujumbe uliofuata ulikuwa neno moja la Kifaransa: "Non." Hapana.

Maana mchezo wenyewe ndio huo, mkuu. Mara nyingi mbwa huachiwa wawili wawili kwa kama dakika 15. Anatafuta, anaganda, ndege wakiruka mlio unapigwa, naye atulie pale pale. Mashindano ya majira ya kuchipua hauawi ndege hata mmoja, ila mlio upo. Anayeukimbia anatolewa, hata awe na pua ya malaika. CACIT, ile hati ya FCI ya kuelekea ubingwa wa kimataifa, haiji yenyewe kwa kushika namba moja, jaji akiona mbwa hajafikia kiwango haitoi. Na moja haitoshi. Wangu hata jina halikuandikishwa. Kiwanja sina, ubingwa sina, nina mbwa anayeogopa sufuria.

Sasa nisikilize: NDEGE KWANZA, MLIO BAADAYE. Nunua kware wa kufuga, mwache awatafute na kuwafukuza kwa miezi mpaka awe mwehu wa ndege. Watakwambia kufukuza kunaharibu utulivu. Utulivu utamfundisha akikua, hofu ikishaingia utaitoa na nini? Akishakolea, mwenzako asimame hatua 100, agonge mbao mbili mara MOJA, mbwa akiwa mbioni nyuma ya ndege. Tazama masikio na mkia. Asipogeuka, rudini nyumbani, kwa siku hiyo imetosha. Akisita hata kidogo, wiki mbili za ndege watupu bila mlio wowote. Hatua zipungue taratibu, bastola baadaye sana, shotigani mwisho kabisa. Mbwa wangu wa pili alisikia mbao mara ya kwanza akiwa na miezi 8. Hata hakugeuka, alikuwa na shughuli na kware wake.

Uliuliza na chakula, na sijui nini kingine, wengine watakujibu. Kama uwanja wa shabaha umeshaulipia, nenda peke yako ukafurahi. Ama panda Coaster na mbwa wako uje Usa River, nina kware kwenye tenga. Mbao tutaziacha ndani.