Gesti jengeni, shamba msiuze

Mdogo wangu, umeuliza kama mzee auze nusu ya mikorosho aliyopanda babu yenu ili mjenge gesti ukingoni mwa Newala, karibu na Shimo la Mungu, lile korongo kubwa. Gesti jengeni. Shamba msiuze.

Mimi nina vyumba vitano huku huku juu, na kwetu pia ni watu wa korosho. Kuanzia Oktoba, minada ikichanganya, wanajaa: madereva, makarani, wanunuzi. Ikifika Machi na mvua zake, funguo zote zinaning'inia ukutani. Miezi hiyo ni hela ya korosho inayomlipa mfua mashuka.

Fikirieni maji kabla ya vitanda. Uwanda wa Makonde unaujua: mchanga unakunywa mvua yote. Nilianza na mapipa mawili. Mgeni wa kwanza alioga, moja likaisha. Sasa navuna maji ya bati kwenye tangi la saruji, na bado kiangazi nanunua ya boza.

Halafu salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, hili hakuna aliyeniambia. Mnapoipulizia alfajiri kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, lile vumbi la njano linaingia dirishani taratibu. Mgeni wangu aliamka macho mekundu, akadai hela yake. Nikamrudishia, ningefanyaje? Vyumba viwe mbali na mikorosho, upande wa bonde la Ruvuma, ambako ndiko kwenye mandhari hata hivyo.

Vyumba vitatu vinatosha kuanza. Na asubuhi mama awachemshie wageni ming'oko, vile viazi pori vyetu. Wa Dar wanaipiga picha kwanza, kisha wanaomba ya kuongeza.