Maswali yenu kwa Ami: Rangi yatuhusu nini sisi?

*Salaam aleikum Ami. Mimi nakaa Kisauni, ndugu yangu mdogo alikuwa kwenye unga, yaani heroini, miaka mingi, saa hizi anaenda kunywa methadoni, dawa ya kumtoa kwenye heroini, kila asubuhi na alhamdulillahi ametulia. Juzi walikuja watafiti wa chuo kimoja wakaniomba niingie kamati ya jamii, ati utafiti ufanywe pamoja na wenyewe wa mtaa, sasa karatasi walonipa imejaa mambo ya Marekani, usawa wa rangi kwenye matibabu ya uraibu, nikajiuliza mateja wetu ni hawa hawa watoto wetu, rangi yatuhusu nini? Mamangu hataki kusikia, asema tutatumiwa kisha tuachwe. Niingie ama niwaambie basi?*
Dada wa Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu. Ingia, ila usikubali kuwa pambo la kikao. Na mamako asidharauliwe, ntamjia.

Kwanza hiyo rangi. Wamarekani wana sababu zao. Mwaka 1986 walipitisha sheria, ukishikwa na gramu 5 za kreki, ile kokeini ya mawe ya kuvuta, ambayo polisi waliiwinda zaidi mitaa ya weusi, unakula miaka 5 jela si chini, lakini mwenye kokeini ya unga ilibidi ashikwe na gramu 500 ndo apate kifungo hicho hicho, na dawa ni ile ile moja! Ilikaa hivo mpaka 2010 walipoipunguza, na hata hapo haikuwa sawa kwa sawa. Halafu njoo kwenye matibabu. Methadoni kule ilikuwa kama huku, unapanga foleni kliniki, unakunywa mbele ya mtu. Mwaka 2002 ikaruhusiwa dawa nyingine ya uraibu huo huo, buprenofini, hiyo daktari wa kawaida anakuandikia unaenda nayo nyumbani, hakuna anayejua. Sasa nani aliipata? Utafiti uliotoka 2019 ulionyesha walioandikiwa wengi ni wazungu, na wengi wao walilipa taslimu au walikuwa na bima, mweusi nafasi yake ilikuwa ndogo sana. Ikaja 2020, kwenye majimbo 25 yaliyohesabiwa na mji mkuu wao, vifo vya ovadozi, yaani kuzidisha dawa, kwa weusi vikapanda asilimia 44 kwa mwaka mmoja, wazungu asilimia 22. Si damu ya mtu iliyobadilika mwaka ule. Ni kliniki iko wapi, bima anayo nani, polisi wanasimama mtaa upi.

Ndo maana mimi nasema inatuhusu, ila chukua swali uache rangi. Swali ni: dawa ipo, kwa nini fulani inamfikia na fulani haimfikii? Uliza hivo hapa Mombasa uone. Methadoni Kenya ilianza Mathari mwisho wa 2014, Malindi 2015, kisha ikafika Mombasa, na ndugu yako anakaa Kisauni, kliniki iko hapo hapo, anaamka anatembea. Yule wa Likoni je? Feri kwa miguu ni bure, sawa, lakini ukivuka kuna matatu, kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi, na yeye kibarua chake ni cha asubuhi, akichelewa kazi imeenda na akikosa dozi arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inamuita arudi maskani. Na wanawake? Mwanamume teja watu humuonea huruma, "ameponzwa na marafiki", mwanamke hata ndugu zake hawamtaji jina, sasa atasimamaje kwenye foleni ile na mtoto mgongoni, majirani wanapita? Hizo ndo rangi zetu.

Sasa hofu ya mamako. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 mpaka 1972 maafisa wa afya wa serikali waliwaangalia wanaume weusi kama 400 wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana hawakupewa, ati wanatazamwa ugonjwa waendaje. Kwa hivo anayesema tutatumiwa hajaota. Ndo ukaona leo watafiti waungwana wanataka watu wa mtaa waketi nao tangu swali linatungwa. Lakini nisikudanganye kuwa kukaa pamoja kunatosha. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa kupunguza vifo vya ovadozi, HEALing Communities, mitaa na kaunti 67 kwenye majimbo 4, kamati za wenyeji kila mahali, matokeo yakatoka 2024 na tofauti ya vifo kati ya mitaa iliyoanza mpango na ile iliyowekwa isubiri haikuwa ya kushika mkononi. Corona iliwaingilia, fentanili, dawa kali kushinda heroini, nayo ikawa imejaa, na muda ulikuwa mfupi. Mimi naona ni heri walisema ukweli.

Kwa hivo kabla hujatia sahihi waulize: kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, kiko wapi, kamati ya maadili ya utafiti imepitisha? Tukisema swali hili ni baya litatolewa, au tunaitwa kupiga makofi? Matokeo yatarudi maskani, kwa Kiswahili, kabla ya kwenda kongamano hotelini? Na kikao kisiwe asubuhi manake wenyewe wako dirishani wanakunywa dawa, hili nimeliona mara nyingi, kamati ya mateja bila teja hata mmoja. Teja mmoja pia hatoshi, ataogopa kusema, wawe kadhaa, na wanawake ndani.

*Ami hao watafiti wameniuliza kabila langu. Nijibu?*
M., Likoni

Si lazima. Sheria yetu ya kulinda data ya 2019 inahesabu kabila na hali yako ya afya kuwa habari nyeti, kwa hivo wakueleze wanaitakia nini na isikae ukurasa mmoja na jina lako. Ukikataa dawa yako isiguswe, wakikutisha kwa dawa ondoka ukawashtaki kwa kamati ya maadili, namba yake yatakiwa iwe kwenye ile fomu.

*Mimi niko kwenye methadoni. Wenzangu wapewa sabuni na unga wa ugali wakihojiwa na watafiti, hao watafiti wasema pesa tutanunulia kete. Ni sawa?*
Kijana wa Majengo

Daktari akihojiwa hapewi sabuni. Lipwe nauli na muda wako, M-Pesa ama mkononi, utanunua unachotaka. Hili nalo lipeleke kwa ile kamati.