Maswali ya Wasomaji: Mzee anaposhinda tawini

Swali: Shikamoo, Mshauri. Baba yangu ana umri wa miaka 69 na ni mwalimu mstaafu hapa Morogoro. Mama alipofariki, baba alikaa ndani karibu mwaka mzima, hataki kuongea na mtu, kisha akaurudia ushabiki wa Yanga aliokuwa ameuacha tangu ujana. Sasa kila jioni yuko tawini, kwenye kijiwe cha mashabiki wa timu hiyo, na siku ya mechi huanza kupiga pasi jezi yake asubuhi kana kwamba anakwenda harusini. Dada yangu anasema huo ni utoto, na kwamba si heshima mzee kutaniana na vijana wa bodaboda. Mimi naona amepata nafuu, ila sina la kumjibu dada. Je, ushabiki una faida ya kweli kwa afya ya akili?
*Mwana wa Mwalimu, Morogoro*

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Faida ipo, na imechunguzwa kwa muda mrefu. Daniel Wann, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Murray State katika jimbo la Kentucky, Marekani, amekuwa akiwasoma mashabiki wa michezo tangu miaka ya 1990. Yeye na wenzake wamekuta mara kwa mara kwamba watu wanaojihesabu kuwa sehemu ya timu ya mahali wanapoishi huripoti upweke mdogo na kujithamini zaidi kuliko wasio na timu. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba faida hiyo haitegemei sana timu kushinda; chanzo chake ni watu ambao shabiki hukutana nao kwa sababu ya timu. Sisemi kwamba jezi ni dawa ya sonona, kwani tafiti za namna hii aghalabu huonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja bila kuthibitisha lipi limelizaa jingine. Hata hivyo, ukimtazama baba yako, si vigumu kuona jinsi jambo hilo linavyofanya kazi.

Mfiwa aliyestaafu hupoteza vitu viwili kwa mpigo: mwenzi wa kuzungumza naye, na sababu ya kuvaa vizuri na kutoka nje. Tawi limemrudishia vyote viwili. Lina ratiba, kwa maana mechi haimsubiri mtu apate hamu ya kutoka kitandani. Lina daftari la michango, na katika matawi mengi daftari hilo hilo ndilo linalofunguliwa mwanachama anapougua au kufiwa. Tena lina benchi ambalo mtu asipoonekana siku mbili, wenzake huuliza, “Mwalimu yuko wapi?” Swali hilo lina thamani kubwa kwa mtu anayeishi peke yake, na ni wachache wetu tunaowauliza wazee wetu kila siku.

Kuhusu vijana wa bodaboda, mweleze dada yako jambo ambalo huenda hajaliona. Baba yenu alikuwa mtoto wa shule Yanga ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 0 mwaka 1968, na alikuwa kijana Simba ilipolipa kisasi kwa 6 kwa 0 mwaka 1977. Hao vijana hawakuwapo. Wakibishana juu ya mambo ya zamani humgeukia yeye awe shahidi, na mwalimu aliyenyang’anywa darasa na kalenda ya utumishi amepata darasa jingine, lenye kelele zaidi pengine, lakini lenye wanafunzi wanaokuja kwa hiari.

Lipo moja tu la kuangalia. Akianza kutaja mikeka kuliko majina ya wachezaji, au pensheni ikawa inaishia kwenye kubeti, niandikie tena, kwa sababu hapo tutakuwa tunazungumzia jambo tofauti kabisa.

Swali: Mimi ni shabiki wa Simba. Novemba 5, 2023, tulipofungwa na Yanga 5 kwa 1, sikula siku mbili na moyo ulinienda mbio usiku kucha. Mke wangu alisema ninaumwa. Je, ni ugonjwa?
*Mnyama, Tanga*

Jibu: Huzuni ya siku mbili si ugonjwa, ni gharama ya kujiita “sisi”. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976, mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa vyuo vikuu kadhaa vya Marekani, wakakuta kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, nguo zenye nembo ya chuo zilivaliwa zaidi, na kwamba wanafunzi walipenda kusema “tulishinda” lakini “walifungwa”. Nakupongeza kwa kuandika “tulipofungwa”. Wengi pale Msimbazi, makao ya Simba, wiki ile walisema “wale wachezaji”.

Moyo, hata hivyo, usiufanyie mzaha. Wakati wa Kombe la Dunia la mwaka 2006 nchini Ujerumani, madaktari wa Munich walirekodi kwamba siku ambazo Ujerumani ilicheza, dharura za moyo ziliongezeka hadi mara 2.66 ya kawaida, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Kapime shinikizo la damu, na kama una dawa, usiziruke siku ya mechi.

Kwa maumivu yaliyobaki tunao utani. Asubuhi ile bila shaka kuna aliyekusalimu kwa kukuonyesha vidole vitano. Uliudhika, lakini ulilazimika kujibu, na ukijibu umeshatoka chumbani. Watani hufanya vivyo hivyo msibani: humchokoza mfiwa mpaka acheke bila kutaka.

Swali: Ninafanya kazi Muscat. Mei 2025 nilitazama kwenye simu, peke yangu chumbani, Simba ikitoka sare ya 1 kwa 1 na RS Berkane ya Morocco pale Zanzibar na kulikosa Kombe la Shirikisho. Nililia. Mbona ushabiki hunizidishia upweke badala ya kuupunguza?
*Binti wa Msimbazi, Muscat*

Jibu: Kwa sababu timu unayo, lakini benchi huna. Shabiki aliye mbali na kwao hupata nafuu pale anapotazama pamoja na wenziwe, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Muscat haina upungufu wa wazungumzaji wa Kiswahili. Tafuta mtu mmoja wa kutazama naye mechi ijayo. Akiwa wa Yanga usimkatae, maana siku mkifungwa, huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kukupigia simu.