Nishani ya Keya bila karatasi zake haina mwenyewe

Nishani ambazo Uingereza iliwapa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) baada ya Vita vya Pili vya Dunia hazikuchongwa jina. Ishike Nyota ya Burma au Medali ya Vita ya 1939–1945, izungushe ukingoni, hutaona kitu. Za Vita vya Kwanza ni tofauti: kwenye ukingo wa medali ya fedha ya 1914–1918 kuna namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Kwa hiyo anayekusanya vitu vya Vita vya Pili Afrika Mashariki asianze na kinachong'aa. Aanze na karatasi: cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, barua, picha yenye maandishi nyuma. Hizo ndizo zinazosema nishani ni ya nani.

Ukifunguliwa sanduku la bati la marehemu mzee, usitoe kitu kwanza. Piga picha vitu vikiwa vimelala vilivyo, tabaka kwa tabaka. Kisha andika kwenye daftari aliyekuonyesha, mahali, tarehe, na anachosema kuhusu kila kitu, hata kama unaona amekosea. Kila kitu kipe namba kwa penseli laini ya 2B kwenye bahasha yake, si juu ya kitu chenyewe. Kalamu ya wino huvuja ikipata unyevu, na alama yake haitoki.

Halafu tafuta namba ya jeshi. Ina thamani kuliko jina. Wengi waliandikishwa kwa jina lisilo la nyumbani, na karani aliandika alivyosikia: Hamisi huyohuyo ni Hamis, Khamis au Hamisi s/o (mwana wa) Juma. Namba ilibaki ileile, na mara nyingi imekwaruzwa kwenye kikombe cha bati, kijiko au mkanda. Inakili pamoja na herufi zilizo mbele yake. Kama askari alifia vitani, kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola hutafutwa bure mtandaoni. Anza na namba. Ikishindikana, andika herufi tatu au nne za mwanzo wa jina.

Seti ya nishani nayo husomeka. Nyota ya Afrika, yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, ilitolewa pia kwa waliopigana Uhabeshi na Somalia mwaka 1940 na 1941. Nyota ya Burma ina utepe wa buluu iliyoiva, mstari mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye alama ya kichwa cha kifaru, iliteremka bonde la Kabaw hadi Kalewa mwaka 1944. Basi cheti kikisema mtu aliachishwa 1943, na pembeni kuna Nyota ya Burma, tilia shaka: huenda ni ya ndugu, au muuzaji amejazia seti. Usikate utepe wa zamani ili uweke mpya. Mchakao wake ni ushahidi.

Kosa linaloharibu zaidi ni kusugua. Brasso, dawa ya kung'arishia, hula chuma kidogo kila mara, na kwenye medali za Vita vya Kwanza kinachoondoka mwanzo ni jina la ukingoni. Vumbi liondoe kwa brashi laini kavu. Ule uchafu wa kijani kwenye vifungo vya shaba hutokana na mafuta ya ngozi. Tenganisha shaba na ngozi kwa karatasi isiyo na asidi, kisha uuondoe polepole kwa kijiti cha mti. Usiutoe kwa kisu.

Cheti usikilaminishe. Joto huyeyusha plastiki ikaingia kwenye nyuzi za karatasi, na hakuna fundi wa kuitoa bila kuichana. Selotepu nayo huacha gundi ya kahawia. Pini zenye kutu zitoe kwa kuteleza kadi nyembamba chini yake, si kwa kuvuta. Karatasi iliyokunjwa miaka 80 ifungue taratibu, uilaze chini ya kioo safi siku kadhaa. Kama inavunjika kwenye mikunjo, iache ilivyo na uipige picha. Itunze kwenye bahasha ya poliesta. Ile plastiki laini yenye harufu kali huvuta wino hadi maandishi yakahamia kwenye plastiki. Skani kwa dpi 600, mbele na nyuma, hata kama nyuma hakuna kitu.

Magwanda ya kaki ya pamba hayaliwi sana na nondo, bali na ukungu, mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaofuata wanga. Sufu ndiyo chakula cha nondo, kwa hiyo fulana, koti na zile patisi za kuzungushia miguuni zikague kwanza. Vazi lenye dalili ya wadudu lifunge kwenye mfuko wa nailoni, toa hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo maji yatatua juu ya nguo. Usifue: mihuri ya wino ya ndani, yenye ule mshale mpana wa serikali ya Uingereza, mwaka na saizi, huondoka kwa sabuni. Majani ya mwarobaini si mabaya, lakini yasiguse kitambaa, yanatia madoa.

Kufungia nguo hakuna bora kuliko amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, baada ya kuifua mara tatu kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato ili wanga utoke. Pwani ndiko shida. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 ukungu huamka, nao Tanga au Mombasa hupita mara nyingi. Nunua kipima unyevu, inua sanduku kutoka sakafuni kwa matofali, liweke mbali na ukuta wa nje. Vifuko vya silika jeli vya kufyonza unyevu visipokaushwa upya havifanyi kazi.

Kuhusu bandia: taa ya urujuanimno (UV) hutosha kwa mengi. Vimeng'arishi, kemikali za kuifanya karatasi iwe nyeupe zaidi, vilianza kutumika sana kuanzia miaka ya 1950, kwa hiyo "cheti cha 1944" kinachowaka buluu si cha 1944. Uzi wa poliesta kwenye mishono nao ni wa baada ya vita. Karatasi iliyochovywa chai ina rangi sawa kila mahali, wakati karatasi iliyozeeka kweli huiva kingoni kabla ya katikati. Sarafu za dhahabu ambazo Wajerumani walizipiga Tabora mwaka 1916, za rupia 15 zenye tembo, zimeigwa sana. Ya kweli ina gramu 7 na kidogo; usinunue bila mizani.

Vitu vya raia waliobaki nyumbani vinapuuzwa, na mimi naona ndipo penye hazina: kipande cha Kenya (kitambulisho cha Waafrika enzi za ukoloni) na kikopo chake cha kuvaa shingoni, matoleo ya magazeti ya Mambo Leo na Baraza ya miaka ya vita, bahasha zenye alama ya mkaguzi wa barua. Mwaka 1941 na 1942 zilitumika stempu za Afrika Kusini zilizopigwa chapa KENYA TANGANYIKA UGANDA. Usizibandue. Stempu ikitoka, tarehe, posta ya jeshi na jina la aliyeandikiwa vimepotea.

Risasi au bomu, hata lenye kutu, usiliguse. Weka alama kwa mbali, uwaite polisi. Na kuchimba Salaita au viwanja vingine vya vita vya Taita Taveta bila kibali ni kosa la sheria.

Ukinunua kwa familia, wape nakala za karatasi zote na picha za nishani siku hiyohiyo, andika kwenye rejista yako jina la mtaa au kijiji, na waambie vitu vitakaa wapi. Wajukuu hurudi kuuliza.